Kunde Ina Jicho

Habari ilimfikia Restuta kabla chai haijachemka, na haikuja peke yake. Ilikuja na Batuli muuza nyanya, ambaye bangili zake humtangulia hatua kumi.

"Mtani, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa tena."

Restuta akacheka, akamsogezea kigoda kwa mguu. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa hapo mlangoni pa soko la Mikwajuni, pale Makole, na mbele yake karanga, kunde, choroko na mlenda mkavu uliotoka kwao Mlali. Macho yake surua iliyachukua kabla hajajua kutembea, akapelekwa Buigiri kusoma na watoto wenzake wasioona, akarudi na vitu viwili: kusoma nukta nundu kwa vidole, na kubishana. Cha pili ndicho alichokitumia zaidi.

Mtu yeyote aliyeingia sokoni alipita kwake, na aliyepita kwake aliacha kitu, kama si salamu basi habari. Nani kaposwa, nani kahama usiku na madumu ya watu, maji yametoka mtaa upi na yatakatika saa ngapi. Wengine walikuja hawana haja ya karanga wala kunde, walikuja kusikia. Restuta alikuwa na vigoda sita kwa ajili yao, na vilikuwa havitoshi.

"Haya, sema," akamwambia Batuli. "Nani kafumaniwa?"

"Wewe."

"Mimi? Na nani?"

"Acha masihara. Wamebandika orodha ya meza za jengo jipya. Wewe ni namba arobaini na tatu."

"Iko wapi hiyo?"

Batuli akanyamaza. Batuli wa Chemba, anayenyamaza tu akiwa usingizini, na hata huko wanaomjua wanasema huongea Kisandawe, na ulimi wake hugonga kama kufuli inayofungwa.

"Nyuma," akasema mwishowe. "Ukutani. Karibu na pale."

"Pale wapi?"

"Chooni, mtani. Na kibao wameweka kabisa: Upande Maalumu. Wewe, mzee Obedi fundi viatu kwa sababu ya mguu wake, na bibi Paskalia kwa sababu ya uzee. Wanasema kwa usalama wenu."

Restuta alikuwa na kikombe cha kupimia karanga mkononi. Akakigeuza, akagonga kitako chake kama anatoa chenga zilizonasa, ijapokuwa hapakuwa na kitu.

"Na hapa mlangoni? Meza namba moja nani kapewa?"

"Nathanaeli."

"Nathanaeli wa Mwenyekiti?"

"Mpwa wake, ndiyo. Wa makava ya simu."

"Yule ambaye saa nne asubuhi bado anapiga miayo?"

"Huyohuyo. Anapiga miayo utadhani ameajiriwa kupiga miayo."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Batuli kilikatika mapema. Restuta akakiweka hicho moyoni. Alijua Batuli anapanga chumba kwa Silvano, mwenyekiti wa soko. Nusu ya soko walipanga kwa Silvano. Nusu nyingine walilaza mizigo kwenye stoo yake.

"Mkutano lini?" akauliza.

"Alhamisi, saa kumi. Wanataka wajumbe waipitishe."

"Basi Alhamisi tutaonana."

"Utaonana na nani wewe!" Batuli akasema, na sasa walicheka kweli.

Siku zile tatu vigoda sita havikupoa. Kila aliyekuja alimpa pole kama aliyefiwa, na kila pole Restuta aliirudisha. "Pole ya nini? Nimekufa? Nipe mkono wako uone kama ni wa baridi." Akachokoza kila aliyekaa: nani anayeipenda orodha? Hakuna. Kila mmoja kwa sauti ya chini alisema ni uonevu, na kila mmoja alipomaliza kusema aligeuza shingo kuangalia kama Silvano hayuko karibu. Restuta aliusikia ule mgeuko. Sauti ya mtu hubadilika akigeuza shingo.

Aliyekaa muda mrefu zaidi ni Ernest, katibu wa soko, kijana mwenye diploma yake ambayo haikumpatia kazi. Yeye huja kila asubuhi kunywa chai ya Restuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ernest, ile katiba ya soko uliyonisomea mwaka jana siku ya mvua, unayo?"

"Ipo kwenye begi."

"Nisomee tena pale penye kura."

Ernest akasoma. Restuta akamwambia arudie. Kisha akamwongezea chai bila kuombwa, na Ernest akajua kuna jambo, ila hakujua ni jambo gani.

Alhamisi saa kumi jua lilikuwa bado kali, na upepo wa Dodoma ulikuwa unapeperusha vumbi na mifuko sokoni. Wajumbe arobaini na wanne walikaa ndani ya jengo jipya, lililokuwa bado linanuka saruji mbichi, kila mtu na ndoo yake ya kukalia. Mbele kulikuwa na meza kuu yenye kitambaa na maji ya chupa. Silvano alikuwa mrefu, mrefu wa kuinama mlangoni, na sauti yake humjia Restuta kutoka juu, kama mtu anayeongea yuko dirishani.

"Mikwajuni oyee!"

"Oyee!"

"Itifaki imezingatiwa," akasema Silvano, ijapokuwa hapakuwa na mgeni yeyote zaidi ya mbuzi wa jirani. "Ndugu wajumbe, ajenda ni moja. Meza. Nimesikia maneno maneno huko mlangoni." Akatulia ili watu wacheke, na baadhi wakacheka. "Dada yetu Restuta ni mtu wetu, tunampenda. Lakini tuseme ukweli. Mungu hakutuumba sawa. Huyu kampa macho, yule hakumpa. Huyu miguu mizima, yule mguu mmoja mfupi. Mimi sikumuumba Restuta, wala sikumvunja mguu mzee Obedi. Mlangoni kuna bodaboda, kuna mikokoteni, kuna vibaka. Asiyeona akae penye usalama. Huo ni mgawanyo wa Mungu. Sisi kamati tumeufuata tu."

Watu wakaguna ule mguno wa kukubali ambao hauna mwenyewe.

Restuta akasimama. Fimbo yake nyeupe aliiacha chini makusudi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nyongeza."

"Karibu, dada yangu. Kwa ufupi."

"Kwa ufupi. Macho yangu kayachukua Mungu. Sawa. Hiyo kesi ni yangu na yeye, tutaiongea siku tukikutana, na nina maswali." Watu wakacheka. "Lakini choo kile hakukijenga Mungu karibu na meza arobaini na tatu. Aliyekijenga ni Damiani fundi, namjua, ananidai chapati mbili. Na orodha ile haikushuka kutoka mbinguni. Ernest kaichapa hapo stesheneri, hata wino wake hafifu, nimeambiwa."

"Ni kweli, mama, wino ulikuwa unaisha," Ernest akasema, kisha akajuta kusema.

"Dada Restuta, rudi kwenye hoja," akasema Silvano.

"Ndiyo hoja yenyewe. Miaka kumi na moja nimekaa mlangoni. Bodaboda haijanigonga. Vibaka? Vibaka nawajua kwa nyayo, wanapita mbali. Leo ndiyo upofu wangu umeanza kuwa hatari? Umeanza siku ile meza namba moja ilipomtamanisha mtu? Na kama meza inagawiwa kwa alivyoumba Mungu, basi naomba kuuliza: Nathanaeli kaumbwa na nini cha ziada? Miayo?"

Jengo likalipuka. Nathanaeli, aliyekuwa nyuma kabisa, akasikika akisema "Aa, mama Restuta jamani!" kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Silvano alingoja vicheko viishe. Alijua kungoja.

"Umemaliza?"

"Bado moja. Wewe Silvano ni mrefu. Urefu kakupa Mungu, hatukunyang'anyi. Lakini uenyekiti tumekupa sisi. Usichanganye."

Hapo hakuna aliyecheka. Restuta akasikia maji ya chupa yakimiminwa kwenye glasi, na glasi ikirudi mezani bila kunywewa.

"Vizuri," akasema Silvano polepole. "Demokrasia. Tupige kura, tumalize. Wanaoafiki orodha kama ilivyobandikwa, wanyooshe mikono juu. Juu kabisa, nione."

Nguo zikachakacha kotekote, kama kuku wanaopiga mabawa. Restuta akatega sikio upande wa kushoto, ambako Batuli alikuwa amekaa kwenye ndoo yake ya nyanya. Kwanza hakusikia kitu. Kisha akazisikia, moja baada ya nyingine, bangili za Batuli zikiteleza kutoka kwenye kifundo cha mkono kushuka hadi kwenye kiwiko. Bangili haziwezi kuteleza hivyo kama mkono haujanyooshwa juu.

Hakugeuza uso. Akafikiria chumba kile cha Batuli chenye dirisha moja, watoto watatu, na mlango ambao Silvano ana ufunguo wake wa pili.

"Thelathini na saba," Silvano akahesabu. "Wanaopinga?"

Restuta akanyoosha mkono. Nyuma yake magongo yakagonga sakafu, mzee Obedi naye amenyoosha; bibi Paskalia hakuweza kuja.

"Wawili. Hoja imepita. Ahsanteni sana, tuf..."

"Sijaiona kura," akasema Restuta.

Kikaanza kicheko cha mtu mmoja, kisha cha wengi. Silvano naye akacheka, akiona kaupata mwisho mzuri wa mkutano.

"Dada yangu, hata ungeangalia, ungeona nini?"

"Hiyo ndiyo hoja. Mimi ni mjumbe, nalipa ushuru kama wewe. Kura imepigwa mbele yangu, na sina njia ya kujua kama ni thelathini na saba au saba. Irudiwe kwa njia ambayo na mimi nitaishuhudia."

"Kwa hiyo unataka sote tuwe vipofu?"

"Ndiyo. Mara moja tu. Mimi nimeona kwa macho yenu miaka kumi na moja na sijalalamika."

"Haipo kwenye katiba hiyo."

"Ernest, soma."

Begi likafunguliwa, karatasi zikafunuliwa. Ernest akakohoa. Restuta alimwonea huruma, maana naye mzigo wa mama yake ulilala stoo kwa Silvano. Lakini Ernest akasoma, tena kwa sauti ya darasani: "Ibara ya tisa. Kura zitapigwa kwa njia itakayokubaliwa na wajumbe waliohudhuria."

"Njia ya mikono imekubaliwa siku zote," akasema Silvano.

"Imezoeleka," akasema Restuta. "Nani aliulizwa? Waulizwe sasa. Na wasinyooshe mikono, waseme ndiyo kwa mdomo. Wajumbe, mnakubali njia nyingine?"

Hapo ndipo ikatokea. Mwanamke mmoja akavuta kanga yake, akafunika mdomo na kusema "ndiyo", sauti ikatoka kama ya mtu yuko ndani ya gunia. Mwingine akainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba, akasema "ndiyo" kwenye sakafu. Kisha nyuma, kisha katikati, kisha pote, "ndiyooo" moja kubwa isiyo na sura, ikagonga bati jipya na kurudi. Silvano akasimama kuangalia nani kasema, na kila uso aliouangalia ulikuwa umefumba mdomo.

"Kelele hizo," akasema.

"Ni ndiyo hiyo," akasema Ernest, na kalamu yake ikasikika ikiandika.

Restuta aliomba sinia lake liletwe kutoka mlangoni. Akachota konzi ya karanga na konzi ya kunde, akawaeleza kama anaeleza bei.

"Kila mtu atachukua karanga moja na kunde moja. Kunde ina jicho, jeusi, mnaliona. Hiyo ni ya orodha ya Mwenyekiti, maana yeye ndiye anayeona. Karanga haina jicho. Hiyo ni mimi, mzee Obedi na bibi Paskalia, kila mtu abaki alipokuwa na nyingine zigawiwe kwa kuokota namba. Mtaingia mmoja mmoja nyuma ya kanga tutakayoifunga pale nguzoni. Unayoitaka tia kwenye debe. Iliyobaki tia kwenye ndoo."

"Na wewe ukisikia inavyodondoka?" akauliza mtu. "Masikio yako tunayajua."

Ilikuwa kweli. Karanga ikianguka kwenye bati hugonga nzito, kunde hugonga kama tone. Restuta angekaa tu pale na angejua kura ya kila mtu, jina kwa jina.

"Umesema vizuri," akajibu. "Wekeni tambara ndani ya debe na ndani ya ndoo. Nene. Hata mimi nisisikie."

"Unajinyima, mtani," Batuli akanong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea tangu zile bangili.

"Mimi nimeomba sote tuwe sawa humu ndani. Sikuomba mimi niwe juu."

Wakaitwa kwa rejista. Kanga ya Batuli mwenyewe ndiyo iliyofungwa kama pazia kati ya nguzo mbili. Mtu akaingia, akatoka, mwingine akaingia. Hakuna kilichosikika ndani isipokuwa pumzi. Baadhi walikaa nyuma ya kanga muda mrefu kuliko unaohitajika kuachia punje moja. Mzee mmoja alitoka akasema, "Sijawahi kupiga kura bila kuangaliwa. Inatisha kidogo." Watu wakacheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Batuli alipoitwa, bangili zilikwenda zikilia hadi kwenye kanga. Hapo zikanyamaza. Kisha Restuta akasikia kengele ndogo za chuma zikilazwa sakafuni. Batuli alikuwa amevua bangili zote, na alipotoka alizivaa tena moja moja, taratibu, kama mtu anayerudisha vyombo vya watu.

Silvano akawa wa mwisho. Akaingia, akatoka haraka, akakaa. Baada ya muda kidogo, katika kimya kile, kila mtu akasikia sauti laini ikitoka meza kuu. Mtu alikuwa anatafuna.

"Mwenyekiti," akasema Restuta kwa upole, "unatafuna kura."

"Hii ni ile ya kubaki!"

"Ya kubaki inatiwa kwenye ndoo. Haya, tumejua basi wewe umetia nini kwenye debe. Kunde mbichi haitafuniki."

Walicheka hadi mtu mmoja akaanguka kutoka kwenye ndoo yake. Silvano naye, ijapokuwa hakutaka, alikohoa karanga.

Ernest akalileta debe. Akachomoa punje, akaitaja kwa sauti, kisha akaiweka kwenye kiganja cha Restuta, naye akaigusa na kuthibitisha. Karanga. Karanga. Kunde. Karanga. Vidole vyake vilikuwa vimepima nafaka maisha yake yote, ila leo kila punje aliigusa mara mbili.

Ikatokea moja iliyomshinda Ernest. "Hii ni nusu karanga. Mtu kaing'ata."

"Imeharibika hiyo!" akaita Nathanaeli.

"Nusu karanga bado si kunde," akasema mzee Obedi.

Walibishana hadi Restuta akasema waiweke pembeni. "Huyo aliogopa katikati ya njia. Tumwache, atafika."

Kunde kumi na nne. Karanga ishirini na tisa. Na ile nusu.

Hakuna aliyepiga makofi mwanzo. Walikuwa wanaangaliana, Restuta alijua kwa ule ukimya wa shingo zinazogeuka, lakini safari hii hazikugeukia meza kuu. Kila mtu alikuwa anamtafuta mwenzake: ni wewe? Na wewe? Kumbe! Watu thelathini na saba walikuwa wamenyoosha mikono saa moja iliyopita, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kisha vigelegele vikaanza kutoka kona ya wauza mboga.

"Hizi ni kura za kunde," akasema Silvano. Alikuwa amesimama, sauti imerudi juu dirishani. "Nitazipeleka kwa afisa masoko wa jiji. Tuone kama anazitambua."

"Mpelekee," akasema Restuta. "Ernest, zifunge kwenye pembe ya kanga, uandike idadi, mwekee na ibara ya tisa juu yake. Na kama afisa atasema hapana, tutapiga tena kesho yake. Kunde ninazo gunia zima."

"Na wewe usijidanganye. Meza umepata. Lakini mkutano unahitaji mwenyekiti anayeona mikono ya watu."

"Mikono ya watu umeiona leo, Silvano. Ilikwambia nini?"

Kiti chake kikakwaruza sakafu, viatu vyake vikaelekea mlangoni. Pale penye meza namba moja vikasita, kisha vikapita.

Watu walimzunguka Restuta, wakamshika mabega, kila mmoja akiapa kwa sauti kubwa kwamba yeye alitia karanga. Akazihesabu karanga za kuapiwa, zikafika thelathini na nane, akaacha kuhesabu. Batuli hakuapa. Alikuja akamwokotea fimbo yake chini, akamwekea mkononi.

"Mtani," akasema. "Ile ya kwanza..."

"Kura ni siri."

"Ile ya kwanza haikuwa siri. Ulisikia. Najua ulisikia."

"Nilisikia mkono wako ukinyooshwa. Nani aliyekuwa ameushika sikusikia, lakini namjua." Restuta akaugusa mkono huo, bangili zote zikiwa mahali pake. "Hii ya pili sitaki kuijua. Nilisema hata mimi."

Batuli akagonga ulimi, ule mlio wa kwao Chemba ambao haumo kwenye Kiswahili, na Restuta hakuhitaji tafsiri. Kisha akaitafuta sauti ya Ernest kwenye zile kelele.

"Ernest! Uchaguzi wa viongozi wa soko ni mwezi gani?"

"Desemba, mama."

"Fomu zimeshatoka?"

"Bado. Lakini daftari la majina ninalo hapa."

"Andika langu. Restuta, muuza kunde, asiyeona, mlangoni. Kwenye nafasi ya mwenyekiti." Akaanza kutembea kuelekea mezani kwake, fimbo ikigonga saruji mpya, watu wakipisha na kumfuata. "Na lile tambara la kwenye debe usilitupe. Lifue."